Kazi za Mikono: Siri Iliyomo Ndani ya Kisu

Mwezi huu twataka kusema habari za kisu. Si kisu cha kununuliwa dukani, bali kisu kilichotengenezwa kwa mkono na mtu ambaye hajapata kufua chuma tangu kuzaliwa kwake. Wazazi kadha wa kadha wa huku milimani, toka Mlalo hata Soni, wametuuliza kama kijana aliyemaliza darasa la saba, ambaye baba yake wala babu yake hakuwa mhunzi, aweza kujifunza kazi hii nyumbani kwao na kupata riziki kwayo. Jibu letu ni kwamba aweza. Vyuma vipo, makaa yapo, na vifaa vya kuanzia si vingi. Walakini kazi hii ina jambo moja lisiloonekana kwa macho, na asiyelijua atatengeneza vitu vinavyofanana na visu, wala visiwe visu.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mkungu wa ndizi neno hili ni kweli, maana mnunuzi aona na kugusa. Kwa kisu si hivyo. Kisu kibaya kikipigwa msasa hata king'ae, hujiuza upesi kuliko kizuri. Ubaya wake umo ndani ya chuma, na mnunuzi hauoni hata siku kitakapokatika mkononi mwake. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukijaribu kisu hana budi kuwa yule aliyekifanya.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Chuma si kitu kigeni katika nchi hii. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika milima ya Upare, watu waliyeyusha chuma kwa karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kuleta majembe. Hawakuchimba mashimo makubwa, bali walikusanya mchanga mweusi katika vijito baada ya mvua, wakauosha hata ukabaki ule mzito, wakautia katika tanuri ya udongo pamoja na makaa, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Huko Ugweno, Upare ya kaskazini, kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Washana, nao wasimuliwa kuwa walitawala nchi ile kabla ya kunyang'anywa utawala na Wasuya. Chuma chao kilibebwa hata Uchagani, kikafanywa mikuki, majembe na visu. Na mpaka leo jina la Mshana ni la watu wengi.

Katika siku hizo kijana hakuuliza atajifunzaje. Alizaliwa katika ukoo, akakaa penye mivukuto tangu utoto, na mtu wa nje hakukaribishwa. Tena wahunzi waliheshimiwa na kuogopwa pia; mwaka 1912 Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi na Wachagga, alichapisha makala juu ya mhunzi wa nchi ile na mambo yaliyoaminiwa juu yake. Baadaye vyuma vya ng'ambo vilijaa madukani kwa bei nafuu, na katika karne ya 20 tanuri za kuyeyushia zikazimika. Kufua hakukufa, maana wahunzi waligeukia vyuma vikuukuu vya magari na mitambo. Basi leo mlango uliokuwa umefungwa kwa ukoo u wazi. Lakini ule mlango uliomzuia mgeni ndio pia uliokuwa ukimlinda mnunuzi, kwa kuwa ndani yake kijana alitazamwa miaka mingi kabla ya kazi yake kufika sokoni. Sasa mlinzi huyo hayupo, na kijana anayejifunza peke yake imempasa awe mlinzi wa kazi yake mwenyewe.

Sasa twende kwenye kazi. Kisu hakifanywi kwa chuma cho chote. Chuma laini, kama kile cha nondo nyingi na cha madirisha, kina kaboni kidogo mno. Hata ukikitia moto na kukichovya mara kumi hakiwi kigumu, na makali yake hulala siku ya kwanza. Chuma cha kisu ni pua, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha. Springi za magari zina kaboni kama sehemu 6 katika 1,000, na tupa zina kama sehemu 10 katika 1,000 au zaidi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itenganishayo kisu na kipande cha chuma. Huku kwetu springi si haba, maana magari yapandayo toka Mombo hata Lushoto huzivunja. Walakini springi iliyovunjika mara nyingi ina nyufa nyembamba mahali pengine pia, zisizoonekana juu. Isugue hata ing'ae, uitazame juani, na penye shaka pakate upatupe.

Kwa kisu cha kwanza kabisa twapendelea panga kuukuu lililokwisha kwa kunolewa, maana unene wake ni mdogo na tupa yaweza kulishinda. Kabla ya kuanza, kata kipande kidogo cha chuma chako, ukitie moto hata kiwe chekundu sana, ukichovye majini, kisha upitishe tupa juu yake. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma hicho chafaa. Ikila, tafuta kingine. Visu visivyoshika kutu, ambavyo chuma chake kilitokea Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 kwa mkono wa Harry Brearley, mwanafunzi aviache, maana vyataka moto mkali unaopimwa kwa chombo.

Tena chuma kiulizwe kimetoka wapi. Reli, vyuma vya daraja na alama za barabarani ni mali ya watu wote, na mtu akuleteaye hivyo usiku kwa bei ndogo anakuuzia kesi. Nunua gereji, mchana, kwa mtu unayemfahamu. Wala usitie motoni bati wala chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu moshi wake mweupe huleta homa na kudhuru mapafu.

Vifaa ni hivi: nyundo ya kadiri ya kilo moja, koleo, fuawe, nayo yaweza kuwa kipande kizito cha chuma kilichochomekwa katika gogo, tupa mbili, moja ya meno makubwa na moja ya meno madogo, jiliwa, kama lapatikana, sumaku ndogo, kinoo, na mivukuto. Makaa yawe ya mikaratusi au miwati iliyopandwa na watu, si ya miti ya msitu wa hifadhi, maana misitu hii ndiyo mama wa chemchemi zetu. Kazi ifanyike nje, au penye kibanda kisicho na kuta, kwa kuwa makaa yakiwaka ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imewaua wengi usingizini. Macho yafunikwe kwa miwani. Watoto wasicheze karibu, maana chuma kilichoacha kuwa chekundu bado chaunguza, nacho hakionyeshi.

Kazi yenyewe ina hatua nne. Ya kwanza ni kukilainisha chuma. Kitie moto hata kiwe chekundu, kisha ukizike katika majivu makavu, ukiache mpaka asubuhi. Ndipo tupa itakapokila. Ya pili ni kukipa umbo. Chora kisu juu ya karatasi, ukibandike, ukate kwa msumeno wa chuma na kumalizia kwa tupa. Kengee ya sentimeta 10 yamtosha anayeanza. Tena uache msuka mpana wa kuingia katika mpini, maana msuka mwembamba ndio huvunjika kwanza. Makali usiyamalize sasa. Yaache yawe na unene wa kama milimita moja, kwa sababu makali membamba yakitiwa moto hupinda au kupasuka.

Akiisha kuzoea tupa, mwanafunzi aanze kufua springi. Afue chuma kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, na akome kikianza kuwa chekundu cha giza, maana kukipiga kingali baridi ni kukipasua ndani. Kikitoa cheche nyeupe kimeungua, na kilichoungua hakiponi. Kufua kukiisha, akitie moto hata kiwe chekundu na kukiacha kipoe hewani, naye arudie mara tatu, ili chuma kilichosumbuliwa na nyundo kitulie ndani yake.

Hatua ya tatu ni kukitia ugumu, na hapa ndipo kisu kinapozaliwa au kufa. Fanya kazi hii jioni, au kivulini, maana jua hudanganya macho juu ya rangi ya moto. Pasha kengee polepole, ukiisogeza huku na huku ipate moto sawasawa. Kila baada ya kitambo iguse kwa sumaku. Ule mchanga mweusi wa Upare hushikwa na sumaku, na chuma hushikwa pia. Lakini chuma kikifika nyuzi 770 za sentigredi hakishikwi tena. Hiyo ndiyo alama aliyopewa mtu asiye na kipimo. Sumaku ikiacha kushika, ongeza moto kidogo tu, hata wekundu upande kidogo, kisha uchovye kengee mara moja katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu, ncha ikitangulia, bila kuitikisa kando. Mafuta yawe ndani ya kopo refu la chuma, si la plastiki, na kifuniko kiwe karibu, kwani mafuta huweza kuwaka. Usichovye springi katika maji. Maji huipoza kwa ghafula mno, nayo hupasuka. Baada ya hapo pitisha tupa. Ikiteleza, ugumu umeingia.

Wengi huishia hapa kwa furaha, na hilo ndilo kosa kubwa la wanaoanza. Kisu kilichotoka katika mafuta ni kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Kikianguka juu ya sakafu chaweza kuwa vipande viwili. Kwa hiyo hatua ya nne ni kukituliza, yaani kukipunguzia ugumu kidogo ili kipate uvumilivu, nayo ifanyike siku ile ile. Kwanza kisugue hata king'ae, kwa sababu rangi tutakazotaja huonekana juu ya chuma safi tu. Kisha pasha chuma kingine kinene hata kiwe chekundu, ulaze mgongo wa kisu juu yake, utazame. Rangi zitatembea toka mgongoni kuelekea makali: kwanza manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu. Manjano ni kama nyuzi 200 hadi 230. Buluu ni kama 300. Manjano yakifika makalini, ondoa kisu na kukichovya majini. Mgongo utakuwa umepata buluu, nao ni laini na mvumilivu. Makali yatakuwa na manjano, nayo ni magumu na yenye kukata. Rudia mara ya pili. Mwenye jirani anayeoka mikate katika oveni yenye kipimo na aombe nafasi: nyuzi 200, saa moja, mara mbili, yatosha kabisa.

Sasa, msomaji, tazama jambo hili. Kisu kilichotulizwa na kisu kisichotulizwa, vikiisha kusafishwa na kutiwa mipini, vyafanana. Kilichopata moto wa haki na kilichopata moto wa kupita kiasi vyafanana pia. Mnunuzi akivishika vyote sokoni hawezi kujua, na mwuzaji mwenyewe hajui kama hakujaribu. Kwa sababu hiyo shauri letu kwa kila anayeanza ni hili: kisu chako cha kwanza kivunje. Usikiuze, wala usimpe mama yako. Kifunge katika jiliwa, ukifunike kwa kitambaa kinene, ufunike macho yako, ukipinde mpaka kikatike. Kisha tazama mahali palipokatika. Ukiona kijivu laini, kama majivu yaliyochekechwa, moto wako ulikuwa wa haki. Ukiona chembe kubwa zing'aazo kama chumvi ya mawe, ulikipasha kupita kiasi, na visu vyako vyote vya moto ule ni vya namna hiyo hiyo. Kama kilipinda tu wala hakikukatika, hakikupata ugumu, au kilitulizwa mno.

Twajua neno hili ni gumu. Kijana amekaa siku tano na tupa, vidole vimechubuka, jamaa wamekuja kukitazama na kukisifu, halafu aambiwa akivunje. Tumewaona vijana wakikataa. Mmoja wao, kijana mwenye mikono mizuri sana, alisema, "Nikikivunja, nitawaonyesha nini watu?" Tukamjibu kwamba watu watakionyeshwa cha pili. Alikaa kimya siku nyingi. Kisha akaja na vipande viwili ndani ya gazeti, navyo vilikuwa na chembe kama chumvi. Alikuwa amekwisha kuahidi visu vinne kwa wauza mboga, na vyote vinne vilikuwa vimepashwa moto ule ule. Fedha ya makaa ilikuwa imekwisha, na nyumbani walingojea fedha ya visu. Hata hivyo hakuvipeleka. Alivirudisha motoni kimoja kimoja, akavipasha na kuvipoza hewani mara tatu, akavichovya upya kwa sumaku mkononi, akavituliza. Akachelewa majuma mawili, wala hakupandisha bei.

Wako watakaosema kwamba alijitesa bure, maana visu vya bei nafuu huvunjika kila siku na hakuna aulizaye. Sisi twamfikiria yule mama wa sokoni Lushoto akataye kabichi toka alfajiri, mtoto mgongoni, mkono wa kushoto ukiwa mbele ya makali. Kengee ikikatika, hakatiki yule aliyeifanya. Kisu hiki ni mkono wake wa kazi, na hakuna mwingine aliyekichunguza kwa niaba yake.

Wala si sisi tu tunaosema hivi. Mafundi wa visu wa Sheffield walipata sheria ya chama chao mwaka 1624, na kila fundi akaandikisha alama yake ya kupiga juu ya kengee, ili kisu kibaya kimtaje aliyekifanya. Huko Ujerumani jina la mji wa Solingen lililindwa kwa sheria mwaka 1938, lisipigwe juu ya visu vya mahali pengine. Watu hawa waligundua mapema kwamba ubora wa kisu umefichwa, basi wakaweka jina nje mahali pa ule usioonekana. Kijana wa Usambara naye na ajifanyie alama ndogo, apige msukani au penye mgongo. Ila asiipige mpaka kisu kimejaribiwa: kikate kamba ya katani mara 50 bila kubutuka, kikatwe nacho kijiti kikavu cha mpera, kisha makali yatazamwe juani, yasiwe yamemeguka wala kulala, na kipindwe kidogo, kirudi sawa. Kisu kishindwacho mtihani huu hurudi motoni, au hubaki nyumbani kwa mwenyewe.

Mwisho, neno kwa wazazi. Msimhimize kijana auze upesi. Visu vitatu vya kwanza ni karo ya shule, navyo havirudishi fedha. Kama karibu yuko mhunzi au fundi wa gereji mwenye subira, mpelekeni akavukute na kutazama, maana rangi ya moto hujifunzwa kwa jicho kuliko kwa maandishi yetu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo Vidogo, yaani SIDO, liliundwa mwaka 1973, na vyuo vya VETA viko chini ya sheria ya mwaka 1994. Mwenye nauli na nafasi aulize huko habari za ufundi wa chuma. Na kijana akija nyumbani na vipande viwili mkononi, msimcheke. Mwulizeni aliona nini mahali palipokatika. Akiweza kuwaeleza, amekwisha kuanza kuwa fundi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za mpini: mti upi wafaa, jinsi ya kukaza msuka kwa ribiti, na namna ya kushona ala ya ngozi. Mwenye swali atuletee kwa maandishi, aeleze na chuma alichotumia.